Bima ya Dereva wa Miaka Kumi na Minane

Mume wangu aliteleza kwenye shamba la maharage, kahawa ilipokuwa ndiyo inaanza kuiva, akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto, ule wa klachi. Mimi ni mtu wa ziwani niliyeolewa milimani, na miaka yote hii ya Mbinga sijaacha kuyashangaa mashimo ya ngolo, yale ambayo Wamatengo huyachimba kwa mistari kwenye miteremko ya mashamba ili mvua isibebe udongo. Mume wangu amezaliwa kati ya mashimo hayo, amejifunza kutembea kati ya mashimo hayo, na bado akaenda kuangukia humo humo. Nilimkuta amekaa ndani ya shimo, kofia kichwani, ananiomba nisipige kelele majirani wasije wakasikia. Nilipiga kelele. Walisikia hadi ng'ambo ya bonde, na wao ndio waliombeba mpaka barabarani, kwa hiyo sijutii.

Alipokwisha kufungwa mguu hospitali na kurudishwa nyumbani, nilimtania hadi akacheka mwenyewe. Lakini sote wawili tulikuwa tunatazama uani, ambako pikapu yetu nyeupe ilikuwa imesimama. Pikapu hiyo ndiyo hupeleka kahawa chama cha msingi, ndiyo huenda Kingerikiti kuchukua mahindi, na ndiyo hunishusha mimi Mbamba Bay kununua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, ninaowauza sokoni Mbinga. Nikishuka hupata nafasi ya kufika Chiwanda kumwona mama yangu. Bila dereva, mambo hayo yote yalikuwa yamekaa uani pamoja na gari.

Dereva alikuwepo, ila hakuna aliyetaka kumwona. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Alikuwa amesoma chuo cha udereva, amefanya mtihani mbele ya trafiki, amefaulu, na leseni yake aliitembeza kwenye mfuko wa sketi utadhani ni rozari. Kwa kweli kuendesha alikwisha kujua zamani. Baba yake alimfundisha nyakati za likizo kwenye uwanja wa mpira wa shule, na mimi nikajifanya sijui. Kwa kuwa ni mfupi alichukua mto wa kochi letu, akauweka kwenye kiti cha dereva, na tangu siku hiyo kochi letu lina pengo ambalo wageni hulikalia kwa bahati mbaya. Anaongea na gari. Asubuhi hulipapasa kwenye boneti na kuliuliza limelalaje. Nampenda mtoto huyu hadi nashikwa na hasira, na wanaonijua watasema hiyo ndiyo namna yangu ya kupenda.

"Mama," aliniambia siku ile ile baba yake aliporudi hospitali, "mimi nitawaendesha. Mpaka nitakapokwenda chuo."

Nikamwambia ndiyo. Sikufikiri. Nilikuwa nawaza usipa na mama yangu.

Ugumu ni kwamba pikapu si yetu peke yetu. Ilinunuliwa kwa fedha za kahawa ya ndugu watatu, na mume wangu ndiye mdogo wao. Mkubwa wao, shemeji yangu, ambaye binti yetu humwita baba mkubwa, ndiye aliyechangia zaidi, na hajawahi kukaa kwenye usukani maisha yake yote. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye koti zito la kijivu ambalo halivui hata jua likiwaka. Gari likirudi limejaa matope, yeye huyabandua kwa vidole kwenye matairi kabla hajamsalimia mtu. Mimi nilikuwa nasema chini chini kwamba shemeji angekuwa na uwezo angeliingiza gari ndani likalala kitandani na yeye akalala uani. Mume wangu hakuupenda utani huo, lakini hakuukanusha.

Jambo la binti kuendesha lilipelekwa sengu. Sengu ni kikao cha ukoo cha Wamatengo: kila nyumba huleta chakula chake, watu hula pamoja, na neno halisemwi mpaka sahani zimekwisha. Zamani wanawake tulikuwa tunaleta sufuria na kuondoka. Siku hizi tunabaki, na wakitusahau mimi huwakumbusha. Tulikula ugali na maharage na usipa wangu wa mwisho, kisha mume wangu, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, akaeleza. Gari limekaa, kahawa inaiva, dereva yupo nyumbani, ni mtoto wetu sote.

Wazee wakapanguza mikono. Halafu wakaanza kulizunguka jambo lenyewe kwa mbali. Lazima niseme hapa kwamba kwetu, milimani na ziwani vilevile, bahati mbaya haitamkwi kabla haijatokea. Ukiitaja umeiita. Ni uchuro. Mtu akitaja kifo cha aliye hai wenzake watamwambia ateme mate chini, naye atatema. Kwa hiyo wanaume wazima walikaa pale wakijadili ajali ya gari bila kusema ajali. Mmoja akasema, "Ikitokea lolote." Wa pili akasema, "Likitokea lile." Wa tatu akaonyesha tu kwa mkono kitu kinachobiringika, kisha akaficha mkono chini ya shuka lake.

Shemeji akasema mwishoni. "Hili gari ni kahawa yetu ya miaka mingi. Mtoto ana leseni, sawa. Lakini nasikia kuna bima kubwa. Mkipata bima kubwa, na iwe inamtaja yeye kuwa ndiye dereva, aendeshe. Msipopata, atafutwe mtu mzima wa kukodi, na mtoto asishike usukani tena mpaka baba yake apone." Akasimama, akafunga vifungo vya koti lake, akaenda kuangalia matairi.

Nikakasirika. Nilimwambia mume wangu tukiwa njiani kurudi nyumbani kwamba kaka yake anahurumia bati. Mtoto wa damu yake anataka kuwasaidia, na yeye anaulizia karatasi ya kulinda bati. Binti yetu alikuwa anatembea mbele yetu, kimya, jambo ambalo si la kawaida yake. Tulipofika nyumbani alitoa mto kwenye gari akaurudisha kwenye kochi. Hapo ndipo nilipoapa kuitafuta hiyo bima hadi niipate.

Wakati natafuta, mtu wa kukodi alipatikana. Alikuwa na ndevu, na nadhani ndevu ndizo zilizomfanya apewe ufunguo bila maswali. Kona zile za kushukia ziwani, ambazo lami mpya imezifanya zivutie kama jambo la mchezo, alikuwa anazikata akiwa ameshika simu. Mara ya kwanza aliyonishusha nilimaliza rozari nzima kabla hatujayaona maji. Yeye hakuna aliyemuulizia bima kubwa. Nilimwambia mume wangu hivyo, nikamwambia tena, na nadhani nilikuwa namwambia hata akiwa usingizini.

Wakala wa bima wa Mbinga alikuwa msichana mstaarabu, mwenye kiofisi karibu na stendi. Aliniamkia shikamoo, akatoa kiti, akafungua kompyuta. Tulikwenda wote watatu, mume wangu akiwa na magongo yake. Akatueleza kwa upole. Bima ndogo tunayo tayari, na hiyo ni ya kumlipa mtu mwingine tukimharibia mali au tukimuumiza. Bima kubwa inalipa na gari letu wenyewe.

"Kwa mfano gari likipinduka," akasema.

Mume wangu akakohoa kwa nguvu. Mimi nikasema, "Mwanangu, tema mate chini." Yule msichana akatutazama, akatazama sakafu yake ya vigae, akasema samahani mama, kisha akaendelea. "Kwa mfano gari likipata changamoto."

Hiyo tukaikubali.

Alipouliza dereva ni nani, binti yetu akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akaulizwa umri. Akaulizwa leseni ina muda gani. Yule msichana akaacha kuandika kwanza, akakuna kichwa. Dereva wa umri huo, mwenye leseni changa, ana nyongeza, akasema. Kisha akatugeuzia kioo cha kompyuta tuone jumla. Sitaitaja. Niseme tu kwamba mume wangu aliyakusanya magongo yake kabla sijamaliza kusoma.

Lakini kabla hajasimama akajaribu ujanja, maana yeye naye ni mtu. "Binti," akamwambia wakala, "tukiandika mimi ndiye dereva?"

"Inawezekana, mzee. Bei itashuka."

"Basi andika."

"Ila siku ya changamoto wataulizia nani alikuwa kwenye usukani. Wakikuta si wewe, hawalipi."

"Na mguu wenyewe huo," nikasema, "utawaambia ulikanyagaje klachi?"

Binti yetu akaanza kucheka, akajizuia, ikashindikana, na wakala naye akacheka. Mume wangu akaona haya, akatoka nje kwa magongo yake kwa heshima zote. Tulirudi nyumbani bila bima. Njiani binti aliniambia, "Mama, acha tu. Nitawasaidia kuchuma kahawa." Alisema kwa sauti nzuri kabisa, ya mtu mzima, na sauti hiyo iliniuma kuliko angelia.

Nilimpigia mama yangu Chiwanda kumweleza kwa nini sijafika. Yeye ni mzee sana sasa na simu huishika mbali na sikio. "Bima ya nini?" akauliza. Nikamweleza kwamba ni fedha unaiweka, halafu gari likipata jambo unalipwa. Akauliza tena, "Kwa hiyo mnataka gari lipate jambo?" Hapana mama, nikasema. "Basi kwa nini mnalipia?" Nikamwambia nitakuja kumweleza ana kwa ana. "Njoo," akasema. "Uje na mjukuu wangu aje aniendeshe, mimi sijawahi kuendeshwa na mwanamke."

Ni mvuvi mmoja ninayenunua usipa kwake aliyeniambia kuhusu mzee wa Mbamba Bay. Mzee huyo ana duka la nyavu, kamba, chambo na mafuta ya mashine za mitumbwi, na kwenye meza yake ya mwisho kabisa, nyuma ya madumu, ni wakala wa bima. Babu zake walitoka pwani. Mimi namjua tangu nikiwa msichana, maana baba yangu alinunua nyavu kwa baba yake. Nilimpigia. Hakunipa bei. Alisema, "Mama, bima ni kama nyavu. Lazima kwanza nijue unavua nini. Njooni na gari, na aje mwenye gari."

Nilipolipeleka neno hilo kwa shemeji nilitegemea atamtuma mume wangu. Shemeji alikuwa amechuchumaa kwenye kichanja anageuza kahawa yake iliyoanikwa. Akageuza, akageuza. Kisha akasema, "Nitakuja mwenyewe."

Nilishangaa. Mtu huyu halipendi ziwa. Anasema joto la kule linamlainisha mifupa, na mara ya mwisho aliposhuka binti yetu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nikajua ni lile bati tena. Hataki kusaini kitu kuhusu gari lake bila kusikia kwa masikio yake. Nikaondoka pale nimenuna.

Tulishuka asubuhi, yule mwenye ndevu kwenye usukani, shemeji mbele na koti lake, binti na mimi kwenye kiti cha nyuma, tukibanana kulingana na kona inavyotaka. Ukungu ulituacha mlimani na jua likatupokea chini. Dereva alikuwa na haraka zake. Kila kona shemeji alikuwa anakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, kwa nguvu, kama vile breki iko upande wake. Binti alikuwa anamnong'oneza dereva, "Kaka, gia. Kaka, punguza gia," na dereva akijifanya hasikii, mpaka shemeji akasema, bila kugeuka, "Fanya anavyokuambia." Dereva akapunguza gia. Nilimtazama shemeji kisogoni, nikadhani nimesikia vibaya.

Mzee wa duka alitukaribisha kwa maji ya kunywa na viti vya plastiki. Shemeji na yeye walisalimiana kwa kirefu, habari za kahawa, habari za samaki, habari za mvua, mpaka nikaanza kutikisa mguu. Kisha mzee akavaa miwani, akatoka nje, akalizunguka gari, akalipiga picha pande zote kwa simu yake, akarudi. Akaanza kuuliza. Tunabeba mizigo ya nani? Yetu wenyewe. Tunachukua abiria wa kulipa? Hapana. Nikamkanyaga binti mguu kwa sababu nilikumbuka watu wawili watatu wa Jumapili, lakini hao hawalipi, wanaimba tu kwaya. Gari linalala wapi? Uani, getini kuna kufuli. Dereva ni nani, na amefundishwa wapi?

Binti akaeleza. Mzee akamwuliza maswali mengine ambayo hayakuwa ya bima hata kidogo: akishuka mlima na mzigo anatumia gia ipi, akikuta ng'ombe barabarani anafanyaje, breki zikipata moto atajuaje. Akajibu yote, mgongo umenyooka. Kwa harufu, akasema kuhusu breki, kisha akaongeza kwamba dereva wetu wa leo amezipasha, waende wakanuse. Mzee alicheka hadi kofia yake ikasogea.

Basi akatupa njia. Nyongeza ya umri hawezi kuifuta, akasema, huo ni utaratibu wa kampuni. Lakini ukoo ukikubali kwamba ikitokea hasara, sehemu ya kwanza ya matengenezo mnaibeba wenyewe, na kampuni ilipe kuanzia hapo, bei inashuka vizuri. Hasara ndogo ndogo, taa, bampa, kioo, ni zenu. Kubwa ni ya kampuni. Akaandika kwenye kikokotoo chake, akamgeuzia shemeji. Niliisoma kwa kuinama. Ilikuwa bado inauma, lakini ilikuwa inauma kama sindano na si kama jino.

"Ukoo utakubali?" mzee akauliza.

"Ukoo ni mimi," shemeji akasema. "Tutabeba."

Binti aliruka kwenye kiti. Kweli aliruka, mbele za wazee, kisha akakumbuka akakaa, akainuka tena, akamshukuru baba mkubwa kwa mikono miwili, akaomba ruhusa akamnyang'anye yule kaka ufunguo. Akatoka mbio. Tulimsikia nje akiongea, sijui na dereva, sijui na gari. Mimi nilikuwa natabasamu peke yangu. Nilikuwa nimeshinda. Wiki zote zile za kubishana na kupiga simu, na sasa mtoto wangu ataendesha, ataenda hadi Chiwanda, mama yangu atakaa kwenye kiti cha mbele na kanga yake mpya. Nikaanza kutafuta kalamu ya kumpa shemeji asaini.

Shemeji hakuipokea. Alikuwa anaangalia mlangoni, kuhakikisha binti yuko mbali. Akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nina swali moja. Hii bima kubwa, gari limo. Mtu wa barabarani yumo. Ukuta wa mtu, ng'ombe wa mtu, wamo. Mtoto wangu yumo wapi?"

Mzee wa duka akavua miwani.

"Namaanisha," shemeji akasema, "akiumia yeye. Akivunjika. Au," na akaimaliza sentensi. Aliliita lile neno kwa jina lake, akaliweka pamoja na jina la binti yangu, kwa sauti ya kawaida, mchana kweupe. Mimi hadi leo siwezi kuliandika hapa.

Nilitaka kusimama nimwambie ateme mate, atoke nje atubu, achukue neno lake arudi nalo mlimani. Mdomo haukufunguka. Kwa sababu pale pale nilijua kwamba swali hilo ni langu. Nilikuwa nalo tangu siku ile nilipomwambia ndiyo bila kufikiri. Nilikuwa nalo kila nilipompigia kelele mume wangu kuhusu bati, kila nilipomtukana yule mwenye ndevu, na kwenye kiofisi cha stendi nilipokuwa nafurahia neno changamoto. Niliizunguka Mbinga nzima naulizia gari, gari, gari, na hakuna aliyenisikia nikiuliza kuhusu mtu aliyeko ndani ya gari. Niliogopa kufungua mdomo tu.

"Hayumo, mzee wangu," wakala akajibu taratibu. "Hii haimhusu dereva mwenyewe. Ipo nyingine ya kuongeza, ya dereva na wanaokaa naye. Matibabu, na hayo mengine uliyosema. Si kubwa. Wengi hawaiulizi."

"Anza na hiyo," shemeji akasema. "Andika hiyo kwanza. Ukiona jumla imetuzidi, punguza kwenye gari."

"Shemeji," nikasema.

Akanigeukia. Kwa kawaida yeye na mimi hatutazamani usoni. Mke wa mdogo wake na yeye tuna mipaka yetu ya heshima, tumeishika tangu nilipoolewa. Siku hiyo alinitazama. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na koti bado lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

"Niwie radhi, mama," akasema. "Nimelitamka. Tangu siku ile ya sengu nilikuwa nangoja mmoja wenu aulize. Halafu nikaona hamtaweza, ninyi ndio mliomzaa. Ndiyo maana nikasema nitakuja mwenyewe. Kama neno hili lina ubaya, basi mimi ni mtu mzima, linifuate mimi."

Nilipiga goti. Nilipiga pale pale dukani, kati ya nyavu na madumu, nikafunga mikono kifuani, nikamshukuru kama tunavyomshukuru baba, na nikalia bila kujificha. Mzee wa duka akajishughulisha sana na kikokotoo chake. Shemeji aliona haya, akaangalia pembeni, akarudisha kofia kichwani.

"Inuka, mama," akasema. "Sakafu ina mafuta."

Sikuinuka mara moja.